Karibu ya Msajili

Wanaomkumbuka kwa wema ni wengi, na mimi si mmoja wao. Nalisema hili mapema ili msomaji asikae akinisubiri nilainike mbele ya safari. Nimewasikia wenzangu wakimsifu msajili wetu wa chuo mpaka machozi yanawalengalenga: kwamba alikuwa baba, kwamba alikuwa mtu wa haki, kwamba hakuwahi kula kitu cha mwanafunzi. Yote hayo ni kweli, na nitayaeleza. Mtu unayemchukia sawasawa lazima umjue sawasawa, na mimi nilimjua.

Chuo chetu kilikuwa cha ualimu, nje kidogo ya Nakuru, mahali ambapo upepo ukitoka ziwani huleta vumbi jeupe la magadi mpaka ndani ya sufuria ya uji. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Shule na vyuo ambavyo wazazi wetu walikuwa wamevijenga wenyewe vilifungwa na serikali, na vijana waliokuwa katikati ya masomo walibaki njiani na elimu nusu. Wengine walitujia kutoka vyuo vya misheni za mbali, wengine kutoka Uganda. Yeyote aliyetaka kumalizia kwetu alipita kwanza kwa msajili. Yeye ndiye aliyeamua kama miaka uliyosoma kwingine ihesabiwe au itupwe.

Kazi hiyo aliifanya kwa maneno matatu. Somo lililolingana na la kwetu aliliita "sawa". Lisilolingana hata kidogo aliliita "hapana". Na somo lililosogea bila kufika aliliita "karibu". Somo la karibu halikuhesabiwa. Ulilirudia tangu mwanzo, kama vile lile la hapana, na somo moja lililokosa lilitosha kukurudisha mwaka wa kwanza. Sisi tuliokwisha kuwa wenyeji tulijua jambo hilo. Mgeni hakujua, na hapakuwa na wa kumwambia, kwa sababu mgeni aliingia ofisini peke yake.

Alivaa kabuti hata jua la Januari likiwaka, na gambuti nyeusi alizozipiga dawa ya viatu kila asubuhi zikang'aa kama sufuria mpya. Mgeni alikalishwa kwenye kiti, yeye akasimama. Chai aliinywa amesimama vilevile, akitazama jikoni kupitia dirishani. Maswali yake yalikuwa yaleyale kwa kila mtu: ulisoma nini, ulisomeshwa na nani, na ulipokuwa ukisoma ulikaa juu ya nini. Hilo la mwisho liliwashangaza watu. Yeye aliamini kwamba aliyesomea kwenye dawati na aliyesomea chini hawakusoma kitu kimoja, hata kama mwalimu wao alikuwa mmoja.

Namkumbuka kijana mmoja wa Kuresoi, mrefu, mwenye haya, aliyekuja na mwaka mzima wa kilimo. Mlango ulikuwa wazi, nasi tulikuwa tukifagia baraza, kwa hiyo tulisikia kila neno.

"Huko mlisoma kilimo gani?" msajili akamwuliza.

"Viazi, bwana."

"Sisi hapa tunasoma mahindi na ng'ombe."

"Lakini bwana, udongo si ni ule ule? Hata samadi ni ile ile."

Msajili akafikiri, akitazama jikoni. "Kiazi hukaa chini. Hindi hukaa juu. Karibu."

Kijana akainuka, akashukuru mara nyingi, akatoka mbio kutafuta kitanda. Alikuwa ameshapiga magoti akisukuma sanduku lake chini ya kitanda katika bweni la wavulana wa mwaka wa pili mpishi alipomfuata, mwiko ungali mkononi.

"Wewe kijana," mpishi akamwambia, "hiyo karibu si ya kukaa. Hiyo ni karibu ya kukosa. Watu ya hapa yote wanajua."

Waliokuwepo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuumwa na neno lile lile, na nikiwa nje mlangoni, maana sisi wasichana hatukuingia, nilimtazama kijana akilivuta tena sanduku lake, nikataka kwenda kumpiga mtu.

Sasa haki yake, maana nimeahidi. Kulikuwa na mwanafunzi mwingine ambaye hakuwa amekanyaga chuo chochote. Alikuwa amefanya kazi kwa Kalasinga mmoja, fundi seremala wa mjini Nakuru, naye akaomba ahesabiwe somo la kazi za mikono. Mkuu wa chuo, Mzungu, alicheka aliposikia. Msajili hakucheka. Alipanda baiskeli yake akateremka mjini, akaingia karakana ya Kalasinga, akaomba aonyeshwe kiti alichokitengeneza yule kijana. Akakipindua miguu juu, akakikagua viungo, akakisimamisha, akakikalia na kabuti lake lote, akakitikisa. Aliporudi alisimama mbele ya mkuu akasema neno moja, "sawa". Mkuu akauliza itakuwaje fundi wa mtaani alinganishwe na chuo. Msajili akamjibu, "Mimi sipimi mtu. Napima somo."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kila siku. Mimi sipimi mtu, napima somo. Wenzangu huyarudia hadi leo kama maneno ya Biblia. Mimi nikiyasikia najiuliza swali moja tu. Kama aliweza kuendesha baiskeli mpaka mjini kwa ajili ya kiti, alishindwa nini kunipeleka darasani hatua chache kutoka ofisini kwake, anipe chaki, anione nikifundisha?

Na alikuwa na huruma, nisiseme uongo. Viatu vya wanafunzi alivishona yeye mwenyewe Jumamosi, ameketi juu ya ndoo nyuma ya bweni, misumari midogo ameibana midomoni. Msichana mmoja aliposhikwa na malaria kali alimfunga mgongoni kwa shuka, akampeleka hospitali kwa baiskeli, mtu mzima na kabuti lake, watu wa barabarani wakimshangaa. Kanisani aliimba sauti ya chini, sauti nzuri ya kutetemesha benchi, lakini maneno ya nyimbo hakuyajua. Aliyabahatisha. Mtu aliyepima neno la kila mgeni alikuwa akimwimbia Mungu maneno ya kuokoteza, macho ameyafumba, na hakuna aliyethubutu kumrekebisha.

Kitu kimoja nilikigundua polepole. Kadiri miaka ilivyokwenda, "hapana" yake ilipungua, na "karibu" ikaongezeka. Wengine waliona ni uzee unamlainisha. Mimi niliona vingine. Mgeni aliyeambiwa hapana alilia pale pale ofisini, au aligomba, au alipiga magoti. Aliyeambiwa karibu alishukuru. Msajili alipenda kushukuriwa. Kilio cha mtu kilipokuja baadaye, siku ya kufungua chuo, yeye alikuwa amekwisha kunywa shukrani zake pamoja na chai.

Sasa nieleze langu. Nilikuwa nimesoma ualimu miaka miwili katika kile chuo chetu kilichofungwa. Kilipofungwa nilirudi kwa mama yangu kwenye shamba la setla, mlowezi wa Kizungu, upande wa Rongai, tukachuma pareto pamoja. Baba hakuwepo tena. Watu wa kabila letu walikuwa wakipakiwa malorini kutoka mashambani na kurudishwa rizavu, ardhi iliyotengewa kabila, ambako mama hakuwa na shamba wala ndugu wa kumpa jiko. Lakini wachumaji wa pareto walibakizwa, na sisi sote wawili tulikuwa wachumaji hodari. Tulikuwa salama kadiri mtu alivyoweza kuwa salama siku zile.

Kisha nikasikia kwamba chuo cha Nakuru kinapokea waliokatizwa masomo. Nikaenda. Msajili alinikalisha, akasimama, akaniuliza maswali yake. Hesabu, akasema sawa. Kusoma na kuandika, sawa. Malezi ya watoto, akanywa chai kidogo. Akaniuliza tulikaa juu ya nini. Nikamwambia juu ya mbao zilizopigwa na wazazi wetu. Akaangalia dirishani. Mwishowe akanigeukia, akatabasamu, akasema, "Karibu."

Nani angesikia kitu kingine? Mtu amekuhoji nusu ya asubuhi, anatabasamu, anakwambia karibu. Nikainuka, nikampa mkono. Akaupokea, akaushika vizuri kwa mikono miwili.

Nilirudi Rongai nikiimba. Jioni ile ile nilimwendea bwana mwenye shamba nikiwa na nyapara, nikamweleza kwamba nimepata nafasi ya mwaka wa tatu, kwamba baada ya mwaka mmoja nitakuwa mwalimu mwenye cheti. Yule bwana alikuwa akitafuta mwalimu wa shule ya shamba. Tukapatana: mimi niende, mama abaki kwenye nyumba yake hata kama mikono yake peke yake haikutosha kwa pareto, na mwaka ukiisha nirudi nifundishe watoto wa shamba lake. Mama alinikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Siku ya kufungua chuo majina yalisomwa uwanjani. Ya mwaka wa tatu yakaisha bila langu. Ya mwaka wa pili yakaisha. Langu lilisomwa katika mwaka wa kwanza, kati ya vibinti waliokuwa wakinifika kifuani. Nilikwenda moja kwa moja ofisini.

"Bwana msajili, uliniambia karibu."

"Ndiyo, nilisema karibu. Karibu na mwaka wa tatu. Hukufika."

"Lakini ulinishika mkono."

"Mkono uliutoa wewe. Ungetaka niuache hewani?"

"Mtu akiambiwa karibu, si anaingia?"

Alinitazama kwa upole. Upole ule ndio ninaouota mpaka leo. "Neno ni moja tu, binti. Karibu ni karibu. Mimi silijui lingine. Kama wewe ulisikia unalolitaka, hilo halinihusu. Mimi sipimi mtu."

Nilimwomba anipe barua ya kwenda Rongai nikamweleze bwana wa shamba mwenyewe. Akaniambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawaruhusiwi kutoka muhula wa kwanza, na kwa kipande changu, kile kitambulisho tulichopaswa kuonyesha kila njia, bila ruhusa yake nisingefika hata kituo cha reli. Hilo nalo lilikuwa kweli. Kila alichosema siku ile kilikuwa kweli, ndiyo sababu sikupata pa kumshika.

Habari zilifika shambani zenyewe. Dereva wa lori la maziwa, aliyetuletea maziwa chuoni kutoka upande ule, ndiye aliyeniambia, akiwa amesimama kando ya madebe, hanitazami usoni.

"Mama yako walimpandisha kwa lori wiki iliyopita," alisema. "Bwana alikasirika. Alisema nyinyi ni waongo, mlisema mwaka moja na sasa ni tatu. Pole sana, dada."

Alikufa huko rizavu kabla sijamaliza mwaka wa pili, katika kimojawapo cha vile vijiji ambavyo serikali ilivizungushia mtaro ili watu wasitoke. Walionizikia mama ni watu nisiowajua. Msajili alipopata habari alikuja bwenini na kikombe cha chai, akakaa nami, akasema maneno mazuri. Nikainywa ile chai. Kila funda nilimlia kiapo.

Angeniambia "hapana", ningelia, ningefuta machozi, ningerudi kuchuma pareto na mama. Hilo ndilo watu hawanielewi. Sikumchukia kwa sababu ya miaka miwili aliyonitupia. Miaka hurudiwa, na mimi niliirudia. Nilimchukia kwa sababu ya neno.

Mwenzangu mmoja aliyelala kitanda cha pili kutoka changu, naye wa kutoka chuo kilichofungwa, alikuwa na utetezi wake. Aliniambia siku moja tukifua mtoni, "Wewe unamwonea tu. Angekuhesabia ile miaka, angelazimika kuandika umeitoa wapi. Serikali ingekujua. Ametuandika mwaka wa kwanza ili tuonekane tumezaliwa hapa. Huyo mzee ametuficha."

Huenda. Nimelifikiria hilo miaka mingi na sijalipinga. Lakini mtu anayetaka kukuficha anaweza kukunong'oneza. Ofisi ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa ukifungika. Angesema, binti, siwezi kukuhesabia, nenda ukafikiri na mamako. Maneno machache tu. Yeye alichagua lile moja lililompatia tabasamu na mkono.

Nilimaliza, nikapata cheti. Yule bwana wa Rongai alikuwa amekwisha kukimbiwa na mwalimu aliyepata kazi nzuri zaidi reli, akanipokea. Hakunikumbuka. Kwake sisi sote tulikuwa na uso mmoja. Nyumba ya mama ilikuwa zizi la ndama, na nilifundisha hesabu nikiwasikia wakilia. Kwa nini nilirudi pale? Sikuwa na pengine, na pia nilitaka. Mtu hukaa karibu na kidonda chake.

Miaka ile ya hamsini ilipokuwa ikielekea mwisho tukapata habari kwamba chuo cha Nakuru kimepandishwa daraja. Walikuja wakufunzi wapya wenye vyeti vipya, na wote wa zamani wakapimwa upya. Cheti cha msajili kilikuwa cha zamani sana, cha misheni ambayo hata jengo lake halikuwepo tena. Walikiweka kando ya vyeti vipya, wakaona hakilingani. Wakamshukuru kwa utumishi wake, wakamtoa.

Nilifurahi. Siandiki hivi kwa aibu. Siku hiyo nilikanda unga wa ngano niliokuwa nimeuweka kwa Krismasi, nikapika chapati, nikala peke yangu mpaka nikashiba.

Ndipo alipokuja. Ilikuwa alasiri, watoto wamekwisha kwenda nyumbani, mimi nasahihisha madaftari ndani ya darasa letu la mabati. Niliisikia baiskeli kabla sijamwona. Kisha kivuli kikasimama mlangoni, nikaziona gambuti kwanza. Zilikuwa bado zinang'aa, lakini moja ilikuwa imezibwa kwa kiraka cha mpira wa baiskeli. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Hodi," akasema.

Sikujibu. Kila mtu mwenye malezi hujibu hodi. Mimi nilipiga mstari mwekundu kwenye hesabu ya mtoto.

"Hodi, mwalimu. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka, mzee."

Hakuingia, maana hakuwa amekaribishwa, na yeye alikuwa mtu wa taratibu. Akanielezea akiwa pale pale nje ya kizingiti. Alikuwa amesikia kwamba shule inaongeza mwalimu. Alikuwa amemwona bwana wa shamba, na bwana alimwambia kwamba anayechagua ni mimi. Mke wake alikuwa mgonjwa, na nyumba ya chuo walikuwa wametakiwa waiache kabla ya mvua kubwa. Shamba lingempa nyumba. Alisema yote hayo bila kujililia, lazima nikiri, kwa sauti ile ile iliyotetemesha benchi.

"Uliwahi kufundisha, mzee, au ulikuwa ofisini tu?"

"Nilifundisha kabla ya ofisi. Miaka mingi."

"Ulifundisha nini?"

"Hesabu."

"Hesabu," nikasema. "Sawa."

Nikaona mabega yake yanashuka kidogo ndani ya kabuti.

"Kusoma na kuandika pia," akaongeza haraka.

"Sawa. Na watoto wako walikaa juu ya nini?"

Hapo akanitazama vizuri. Sijui kama alinikumbuka kwa jina, lakini alijua sasa yuko kwenye kiti cha nani, hata kama hakukalishwa. "Wengine madawati," akasema taratibu. "Wengine chini."

Niliweka kalamu mezani. Nilikuwa nimeingojea siku hii tangu ile chai ya bwenini, na nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Nilikuwa nimetunga hotuba nzima juu ya mama yangu na ndama wanaolala mahali pake. Yote yakanitoka kichwani. Nikatabasamu, tabasamu zuri nililofundishwa na mtu anayelijua, nikamwambia, "Karibu."

Akainua mguu wenye kiraka kuvuka kizingiti. Kisha mguu ukasita hewani, akaurudisha chini nje. Akaigeuza kofia mikononi, mara moja, mara mbili.

"Karibu ipi, mwalimu?" akaniuliza.

Basi zilikuwa mbili. Zilikuwa mbili siku zote, na alizijua. Alizijua aliponishika kwa mikono miwili, na alizijua aliponiambia neno ni moja tu.

"Ile yako, mzee," nikamwambia, nikalivuta daftari jingine.